Maua ya Saa Moja Asubuhi

Mie nafundisha darasa la tatu, na katika shule yetu kule Kipawa mwalimu yeyote akitaka mchoro wa kubandika ukutani ananifuata mie. Mmeng'enyo wa chakula, mzunguko wa maji, sehemu za ua, vyote nimevichora kwenye manila kwa mkono wangu, na vingine vimekaa ukutani mpaka rangi imepauka. Sijisifu, nasema ilivyo. Hasira zangu ziko karibu, mdomo wangu hauna breki, na kukubali kosa kwangu ni kazi nzito kuliko kupandisha ndoo ya maji ghorofani. Lakini kuchora naweza. Kwa hiyo mama mwenye nyumba wangu aliponiambia anataka bango la maua, sikumuuliza mara mbili.

Nilikuwa nimepanga kwake Kiwalani, vyumba viwili vya uani. Alikuwa mjane, Mzaramo wa pale pale, aliyezaliwa mtaa huo kabla nyumba hazijabanana. Mie ni mtu wa Njombe, nimekuja mjini kwa barua ya ajira. Nilimwita Bibi na kumwamkia shikamoo kila asubuhi, yeye akiniita Mwalimu, na siku nilizomuudhi aliniita "wewe mtu wa bara". Hakunisamehe kabisa habari ya kupika maharage bila nazi. Alikuwa akipita jikoni kwangu anafunua sufuria, anachungulia, anafunika, anaondoka bila neno. Basi najua nimehukumiwa.

Pale uani, kati ya bafu na jiko, kulikuwa na mwasumini mkubwa uliokuwa umeegemea ukuta. Maua yake ndiyo Bibi aliyokuwa akiyatunga kwa uzi na sindano, akiwatengenezea maharusi makoja ya kuvaa shingoni na kufunga kwenye nywele. Kazi hiyo aliifanya miaka na miaka. Ila siku hizi watu wananunua maua ya plastiki ambayo wakimaliza harusi wanayafuta vumbi, wanayaweka kabatini. Mwaka ule tangu uanze alikuwa ametunga koja moja tu, na hilo lilikuwa la mjukuu wa rafiki yake.

Mwanawe wa pekee alitaka kujenga vyumba vitatu vya kupangisha pale uani. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa akija kila Jumamosi na mfuko wa matunda, anakarabati bomba, anapanda juu ya bati kuziba panapovuja. Lakini vyumba vile visingeingia bila kung'oa mwasumini, na yeye aliona jambo ni dogo. "Mama, mti tu huo," alikuwa akisema. Bibi akamjibu kwamba ule si mti tu, ule ni kazi yake, ana wateja. Mwanawe akatazama huku na huku uani, kana kwamba wateja wamejificha nyuma ya pipa la maji. Mwishowe wakakubaliana hivi: mwezi wa Shaabani ndio wa harusi nyingi, kabla watu hawajafunga Ramadhani. Shaabani ikiisha na wateja hawapo, fundi anaingia na mti unatoka.

Ndipo likaja wazo la bango. Bibi alianza kwa kwenda steshenari. Kijana wa pale akamtolea bango lenye maua ya mtandaoni, mawaridi mekundu yenye matone ya maji, na maandishi ya dhahabu juu yake. Bibi akarudi nalo nyumbani, akalitandika mkekani, akasema, "Hili tangazo la sabuni." Nikajaribu kumpigia picha asumini zake kwa simu yangu. Zilitoka nyeupe pe, hazina umbo, kama sahani ya bisi. Akanirudishia simu. "Wewe si unachora? Nichoree. Nataka mtu akiliona, pua yake isikie."

Shule zilikuwa zimefungwa, nafasi ninayo. Nilikwenda Kariakoo nikanunua boksi la penseli za rangi thelathini na sita, maana zile kumi na mbili tunazotumia darasani nyeupe yake haifanyi kitu. Nikapata na kipande kizito cha manila, kisichokunjika. Kila siku saa moja asubuhi nilitoka na mkasi, nikakata kitawi kimoja chenye maua na majani, nikakiweka kwenye glasi ya maji mezani karibu na dirisha.

Ua jeupe kwenye karatasi nyeupe ni mtihani, asikudanganye mtu. Ukitaka litokee, huchori ua, unachora kilicho nyuma yake. Nilianza na majani, kijani juu ya kijani, mkono mwepesi, safu baada ya safu, bila kukandamiza, maana ukikandamiza mapema karatasi inateleza na rangi haishiki tena. Kivuli cha ndani ya petali nilikipata kwa zambarau nyepesi na kijivu, kidogo mno, kama umepumulia tu. Pale penye mwanga sikugusa kitu. Kichongeo kilikuwa kinavunja ncha nikakitupa, nikawa nachonga kwa wembe. Jasho la Dar nalo: niliweka karatasi safi chini ya kiganja nisiache doa, na feni nikaizima isipeperushe kazi, nikachora nimelowa mgongo mzima.

Siku kumi na moja. Nilikuwa mkali kwa kila kitu nilichokiona. Kufika saa nne yale maua yalikuwa yanaanza kulegea, ncha za petali zinaingia rangi ya chai. Mwingine angeficha. Mie nilichukua penseli ya kahawia, nikaiweka ile rangi ya chai pale pale ilipokuwa. Ua moja lilidondoka mezani, nikalichora nalo limelala chini ya kitawi. Nikajiambia, huu ndio uhalisia, atakayebisha aje na glasi yake.

Bibi alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele nilipompelekea. Aliweka ungo pembeni, akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea kwa vidole. Alilitazama muda mrefu mpaka nikaanza kusimama mguu huu, mguu huu.

"Ulikata saa ngapi?" akauliza.

"Saa moja asubuhi, Bibi."

"Asubuhi." Akapitisha kiganja juu ya mchoro bila kuugusa. Halafu akajifuta macho, akasema jua linamuumiza, na pale alipokaa palikuwa na kivuli. "Mazuri mno, Mwalimu. Mazuri mno."

Nilivimba kichwa, sisemi uongo. Nikajua nimepatia mpaka machozi yamemtoka. Alifungua mdomo kama anataka kuongeza neno, lakini mie nilishaondoka na bango, mbio steshenari. Wakalitoa nakala za rangi, wakaongeza maandishi niliyowapa, "Asumini Mbichi, Makoja ya Maharusi", wakapiga laminesheni. Moja nikabandika getini, moja saluni ya mtaa wa pili, moja kwenye duka linalokodisha magauni ya harusi. Ule mchoro wenyewe nikamrudishia Bibi.

Shaabani ikaingia. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya pili hakuja mtu. Na harusi zipo, maana muziki tunausikia kila mwisho wa wiki na mahema yamefunga njia. Jumamosi mwanawe akaja, akakata tikiti maji, akasema kwa upole tu, "Mama, fundi ameniuliza aje lini." Bibi akamwambia mwezi haujaisha. Alisema hivyo huku anautazama mwasumini, na mie niliona aibu utadhani ni mie niliyewazuia watu kuoa.

Jumatatu yake nikaenda saluni kusuka. Nimekaa kwenye stuli, kichwa kipo mikononi mwa msusi, upande wa kulia umeisha, upande wa kushoto nywele zimesimama. Wakaingia akina mama wawili, mmoja ana binti anaolewa. Wakasimama mbele ya bango langu. Yule mmoja akainama akaangalia karibu, akamgusa mwenzake.

"Yameshalaliwa haya," akasema.

Wakacheka. Msusi naye nikamsikia anacheka juu ya kichwa changu, chinichini.

"Yamelaliwa na nani?" nikauliza. Kimya changu hakidumu, na siku hiyo hakikudumu hata dakika.

Wakatazamana. Yule mama akauliza, "Kwani umechora wewe, dada?" Nikasema ndiyo, nimechora mie, na hakuna hata jani moja la uongo pale. Akasema, "Ndiyo maana. Umechora kweli tupu. Mpaka saa imeonekana."

Msusi ndiye aliyenieleza, huku anaendelea kusuka. Asumini ya koja haichumwi ikiwa imechanua. Inachumwa alasiri, ikiwa bado tumba, imefunga, ngumu kidogo ukiibonyeza. Inatungwa hivyo hivyo ilivyofunga, bibi harusi anavishwa jioni, na maua yanachanua usiku yakiwa mwilini mwake, na harufu inatoka wakati huo. Asubuhi kazi imekwisha. Maua yaliyochanua, yaliyoingia rangi ya chai pembeni, na ua moja chini, mwanamke yeyote wa pwani akiyaona anajua yametoka kitandani kwa maharusi. "Hakuna atakayempelekea binti yake maua ya jana, dada. Wanadhani Bibi wa watu amezeeka, hajui tena anachouza."

Nilisimama. Msusi akaniambia kichwa hakijaisha. Nikamwambia nitarudi kumalizia. Nikatoka na nusu kichwa, nikakata mitaa, watu wananiangalia, sikujali. Niliwaka. Sikuwaka kwa sababu nimekosea, kukosea mie nilikuwa bado sijakubali. Niliwaka kwa sababu yule bibi alitunga maua maisha yake yote, alilishika bango kwa mikono yake, na akanyamaza.

Nilimkuta uani. "Shikamoo Bibi. Uliona, hukuona?"

"Marahaba. Niliona nini? Na kichwa hicho kimepatwa na nini?"

"Yale maua. Kwamba yamechanua. Kwamba ni ya jana. Uliona siku ile ile ukaninyamazia, mti unakwenda, na watu wanakucheka kwa ajili yangu."

"Niliona," akasema. Hakupandisha sauti. "Nilikuwa nataka kukwambia, ukachomoka mbio. Halafu najua unavyopenda kuambiwa umekosea."

Akaniambia nikae. Akasema Shaabani imebaki siku kumi na mbili, nichore jingine la watu, ila lile la kwanza nisiliguse, ni lake. Nikamuuliza la nini, bango lenyewe bovu. Akasema alasiri nije na glasi yangu.

Kwa hiyo nikaanza upya, safari hii kwa saa zake. Baada ya adhana ya alasiri tulikuwa tunachuma pamoja. Alinifundisha kulijua tumba la leo na tumba la kesho: la leo limenenepa chini, limeanza kuwa jeupe mpaka kwenye ncha, la kesho bado lina ukijani. Tulikuwa tunayaweka kwenye kitambaa kilicholowa maji, yeye anatunga, mie nachora kinachotoka mkononi mwake. Nilikuwa na muda mfupi mno, maana magharibi ikikaribia matumba yanaanza kulegea. Nilimaliza mengine kwa kukumbuka.

Siku ya tatu au ya nne, nikiwa nahangaika na kivuli cha tumba moja, akaanza kuzungumza bila kunitazama.

"Siku niliyoolewa walinivisha koja la matumba matupu. Yamefunga, kama haya. Asubuhi nilipoamka yamechanua yote, mengine kwenye mto, mengine kwenye shuka. Pembeni yameanza kuungua hivyo hivyo ulivyochora. Mwenzangu alikuwa ameamka kabla yangu. Nikamkuta anayaokota moja moja, ameyajaza kiganjani, hajui ayaweke wapi. Nikamwambia tupa, hayo yamekwisha. Akakataa." Akavuta uzi. "Wiki ile ile akaenda kwa dada yake, akarudi na kijiti, akakichomeka pale kwenye ukuta. Nikamcheka. Kijiti kikashika."

Penseli ilikuwa mkononi, sichori.

"Sasa nimwambie nini mwanangu?" akasema. "Haya utamwambia mtoto wa kiume uliyemzaa? Kwamba mti huu ni wa kitanda cha baba yako na mie?"

"Hapana, Bibi."

"Haiwezekani. Basi namwambia wateja." Akachukua tumba jingine. "Wewe uliponiletea yale maua yako nikasema, huyu mtu wa bara ameingia wapi mpaka akaona? Nikajua ni makosa. Nikasema acha nikae nayo kidogo. Nilivyoendelea kukaa nayo, nikashindwa kuyasema."

Nililia, na sikuona haya. Yeye hakulia. Aliniambia niangalie machozi yasidondoke kwenye manila.

Bango la pili lilikamilika siku ya saba. Halikuwa zuri kama la kwanza, na mie ndiye ninayesema. Majani niliyafanya haraka, na kona moja ina doa la kidole. Lakini matumba yalikuwa matumba, yamefunga, na moja tu nililiachia ncha ianze kufunguka. Nilipolipeleka saluni, na kichwa changu kikamaliziwa, msusi aliita wateja waje waone. "Haya ya leo," akasema mmoja, akatoa simu akapiga picha. Kesho yake yule mama mwenye binti akabisha hodi getini. Hakunitania. Alimwamkia Bibi, akauliza koja bei gani, akaagiza mawili, na la kufunga kwenye nywele.

Jumamosi ya mwisho ya Shaabani mwanawe alikuja alasiri, ameongozana na fundi mwenye futi mkononi. Uani walikuwa wamekaa wanawake watano kwenye mkeka, kila mmoja anasubiri koja lake, na Bibi katikati yao, miwani puani, anatunga na kuamrisha. Mie nachuma. Fundi akasimama mlangoni na futi yake. Mwanawe akatusalimia wote kwa adabu, akautazama mti, akamtazama mama yake, akasema, "Kumbe kweli wapo." Bibi akamjibu, "Nilikwambia." Wakapima upya. Vyumba vikawa viwili, na ukuta ukarudi nyuma hatua nne.

Mwezi uliofuata, kabla ya futari, alikuja kumbadilishia mama yake balbu ya chumbani. Mie nilikuwa uani nakuna nazi, maana nilishashindwa vita ya maharage. Bibi alikuwa na oda moja ya harusi ya baada ya Idi, anajaribu tungo mpya. Mwanawe akatoka na balbu iliyoungua mkononi.

"Mwalimu," akasema, "nimeona lile bango la kwanza, mama amelibandika ukutani mbele ya kitanda. Si ndilo lile ulilokosea? Na lile zuri liko saluni. Kwa nini abandike lenye makosa?"

Bibi hakuinua kichwa. Sindano yake ilikuwa imesimama katikati ya tumba.

Katika maisha yangu sijachora kitu kilichozidi lile. Kila jani pale nalijua. Nina miaka mingi shuleni, na hakuna mwalimu mkuu wala mkaguzi aliyewahi kunisikia nikitamka kwamba kazi yangu ina kasoro.

"Ndilo hilo," nikasema. "Nilikosea vibaya, kaka. Nilichora maua yaliyokwisha. Mama yako alinionea huruma tu, hakutaka nilitupe."

Akacheka, akasema hata walimu hukosea, nikamwambia ndiyo, hata walimu. Bibi akasukuma sindano, akavuta uzi mpaka mwisho, akachukua tumba jingine kwenye kitambaa. Mwanawe akaniuliza duka lenye balbu liko upande gani, nikamwelekeza.